Barua kwa mwanangu aliye chuo kikuu, Kasapa, Lubumbashi

Mwanangu,

Mama yako anakusalimia. Unga na sombe amembebesha mdogo wako, pesa ya sabuni iko ndani ya bahasha hii. Sasa tuongee hesabu.

Umepata 6 kwa 20, wewe uliyefaulu Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari vizuri vile. Mimi sikushangaa. Nafundisha hesabu sekondari hapa Katuba, na kila mwaka nawaona wanaopanda chuo wakikwama palepale.

Mtihani wa Serikali unakupa swali pamoja na majibu ya kuchagua. Chukua √(x + 2) = x. Unaona −1 na 2 kati ya majibu, unajaribu moja moja, 2 inakubali, unapita. Muda ni mfupi, maswali mengi, ndivyo tunavyowazoesha. Kasapa hawakupi majibu. Unapandisha pande zote kwenye kipeo cha pili, x + 2 = x², unapata 2 na −1, na wengi wanaishia hapo. Kumbe −1 ni mgeni asiyealikwa: ameingia ulipopandisha kipeo, maana 1 na −1 vipeo vyao vya pili ni sawa. Mrudishe kwenye mlinganyo wa mwanzo, utapata 1 = −1. Kumtoa, na kuandika kwa nini umemtoa, ndicho profesa anachosahihisha.

Na hiyo epsiloni inayokunyima usingizi, ule umbali mdogo unaoruhusiwa kati ya jibu na limiti, yaani thamani linayoikaribia: Newton na Leibniz walianzisha kalkulasi karne ya 17 bila maana hiyo kamili ya limiti. Cauchy na Weierstrass ndio walioinyoosha, karne ya 19. Wewe umepewa muhula mmoja! Chukua 3x + 1, x ikikaribia 2. Limiti ni 7. Weka epsiloni 0,1, tafuta delta kwa mkono, yaani x iwe karibu na 2 kiasi gani ili jibu lisiachane na 7 kupita epsiloni. Weka 0,01, tafuta tena. Utaona kila mara inatosha kugawa epsiloni kwa 3. Ukishaona hivyo, ndipo urudi kwenye uthibitisho wa herufi, usio na namba.

Ninalolishikilia zaidi ni hili: usisome peke yako. Miaka ya 1970, huko chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwanahisabati Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi wenye bidii walikuwa wanaanguka kalkulasi. Akakuta wengi wao wanajifungia kila mtu kivyake, huku wenzao wenye asili ya China wakikutana na kusahihishana. Hakuwarudisha kwenye hesabu za sekondari. Aliwakusanya, akawapa maswali magumu wayabishanie, na matokeo yao yakapanda.

Nawe najua umejificha kwa aibu ya hiyo 6. Tafuta wenzako wawili watatu. Kila mmoja afanye swali kwanza kwenye daftari lake, ndipo mkutane. Mkianza pamoja, mmoja atafikiri na wengine watanakili. Kwa asistenti, msaidizi wa profesa, usiende kusema "sielewi kitu", atakufukuza, na mimi ningekufukuza. Nenda na karatasi, umwonyeshe mstari uliokwama.

Habari ya kubadili fakulte, mama yako anasema tungoje. Mimi nasema tusiizungumze kabisa kabla ya mtihani wa muhula. Na silabasi, yale maandishi ya somo ya profesa, usichukue tena kwa deni. Mwambie mdogo wako bei yake, nitatuma.

Papa yako