Taa ya Mathayo si mshumaa

Mhariri,

Mathayo 5:15 yasema watu hawawashi taa na kuiweka chini ya pishi, bali juu ya kiango. Wapo wanaofundisha kwamba taa hiyo ni mshumaa. Sivyo. Neno la Kigiriki ni lukhnos: kitaa cha udongo kinachoenea kiganjani, chenye tundu la kutilia mafuta ya zeituni na mdomo wa kupitishia utambi wa kitani. Utambi ukichomoza mno hutoa masizi. Mafuta yakipungua, utambi wenyewe huungua, ndipo huvutwa kwa kijiti. (Wanawali kumi wa sura ya 25 wana lampas, neno ambalo kwa kawaida ni mwenge.)

Kiango, yaani kitu cha kuwekea taa juu yake, ni lukhnia, na hapo watafsiri walilenga barabara. Pishi ni modios, neno lililotoka Kilatini, kipimo cha nafaka cha karibu lita 8.7. Pishi letu la vibaba 4 halifiki nusu yake, ila kazi ni ile ile. Tena ukikifunikia kitaa chombo hicho hukifichi tu: hewa inakwisha, moto unazimika, unabaki moshi. Watoto wa hapa Ngamiani wanaojua kilo peke yake waonyeshwe kwanza kibaba.

Msomaji,
Tanga