Petroli Kwanza, Kabureta Baadaye: Kwa Wenye Mashine za Boti za Zamani

Kila mwaka kusi linapoanza kulegea na manahodha wakiziteremsha tena boti zilizokuwa zimepumzishwa, karakana yetu hapa Lamu hupokea mashine nyingi kuliko katika miezi mingine, na malalamiko yanayokuja nazo hufanana. Mashine inawaka kwa shida, inazima ikipunguzwa mwendo, inakohoa ikiongezwa, au inatoa moshi hata abiria wakalazimika kujifunika nyuso. Karibu kila anayeileta hutuomba tumrekebishie kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Sisi humwomba kwanza atuonyeshe petroli anayoitumia, aina ya oili aliyoichanganya, na chombo alichokipimia. Wapo wanaodhani kwamba tunawapotezea wakati, ilhali majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayotuambia kama kabureta ina kosa lolote.

Mashine tunazozizungumzia ni za mipigo miwili, yaani zile zinazotiwa petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili. Injini ya gari, au mashine mpya ya boti ya mipigo minne, ina oili yake chini, nayo huzungushwa humo kwa humo bila kuchomwa. Mashine ya mipigo miwili haina hifadhi hiyo. Petroli inayopita katika kabureta kuelekea kwenye chumba cha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ndiyo inayoibeba oili na kuiacha kama utando mwembamba juu ya beringi, ringi na kuta za silinda, kisha vyote viwili huchomwa pamoja. Maana yake ni kwamba anayeikaza sindano ya kabureta ili kupunguza petroli amepunguza na oili kwa mkono uleule.

Mwaka mmoja mzee mmoja, nahodha wa miaka mingi, alituletea mashine ya Johnson iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa imemkwamia njiani akielekea Faza, na alilazimika kuvutwa hadi pwani. Alituambia kwa utulivu, "Mwanangu, mashine hii nimeitunza kama jicho langu, na moshi nimeupunguza mwenyewe." Tulipoifungua tulikuta pistoni imekwaruzwa upande mmoja na ringi zimeshikana na pistoni. Mzee alikuwa ameambiwa na vijana kwamba siku hizi petroli huchanganywa 50 kwa 1, yaani sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, akafuata. Moshi ulipoendelea kumsumbua, aliikaza sindano ya kabureta kidogo, kisha kidogo tena. Mashine ile ilitengenezwa kwa kipimo cha 24 kwa 1. Alikuwa ameipunguzia oili mara mbili, mara ya kwanza ndani ya mtungi na mara ya pili kwenye kabureta, na hakuna aliyemweleza kwamba mambo hayo mawili ni moja. Tuliumia kuiona pistoni ile, kwa sababu yeye hakuwa mzembe. Alikuwa ameelekezwa vibaya.

Kwa hiyo ni lazima kila mmoja ajue umri wa mashine yake. Johnson na Evinrude za kabla ya 1964 kwa kawaida huhitaji 24 kwa 1, na kuanzia mwaka huo nyingi zilihamia 50 kwa 1, ingawa baadhi ya zile ndogo zilibaki na kipimo cha zamani. British Seagull za zamani, ambazo bado huonekana zikiwa zimening'inizwa katika stoo za watu, zilitengenezwa kwa 10 kwa 1, na nyingine za baadaye kwa 25 kwa 1. Sababu iko ndani ya chuma chenyewe. Mashine za zamani zina bushi zinazosuguana moja kwa moja na krenki, ilhali zilizofuata zina beringi za vijiti vinavyobingirika, ambazo hutosheka na oili kidogo. Oili ya kisasa ni bora kuliko ya zamani, lakini ubora huo haugeuzi bushi kuwa beringi, na kwa sababu hiyo hatukubaliani na wanaosema kwamba oili nzuri inaruhusu kipimo kupunguzwa. Yamaha Enduro nyingi zinazofanya kazi katika visiwa vyetu huchanganywa 50 kwa 1 zikishazoea kazi. Zikiwekewa pistoni na ringi mpya, sisi huziendesha kwa 25 kwa 1 kwa saa 10 za kwanza, bila kuzilazimisha mwendo wa juu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa 50 kwa 1, kila lita ya petroli huhitaji mililita 20 za oili, kwa hiyo mtungi wa lita 20 unahitaji mililita 400. Kwa 25 kwa 1 ni mililita 800 katika mtungi uleule, na kwa 24 kwa 1 ni kama mililita 830. Seagull ya 10 kwa 1 inataka lita 2 nzima, na wengi husita mkono wakiiona oili yote hiyo ikimiminwa. Kinachoharibu mashine ni kukadiria kwa jicho, au kutumia kifuniko cha chupa ambacho hakuna aliyewahi kukipima. Tafuta kopo lenye alama za mililita, kama lile la kupimia dawa za mifugo, uliweke pamoja na mtungi wako na usilikopeshe. Tia nusu ya petroli kwanza, mimina oili, tikisa, kisha ongeza petroli iliyobaki na utikise tena. Kazi hiyo ifanywe nchi kavu, mtungi ukiwa chini, mbali na jiko na sigara, kwa maana mvuke wa petroli hutulia sakafuni mwa boti ya mbao na kusubiri cheche.

Kuna imani kwamba oili ikizidi haina madhara, bora isipungue. Imani hiyo ni kweli nusu. Oili ikizidi kiasi, plagi hulowa na kuwa nyeusi, masizi hujaa kwenye tundu la moshi, na ringi hushikana taratibu. Kuna na jambo jingine ambalo wengi hushangaa wakilisikia: tundu la jeti, kile kipande cha kabureta kinachopimia petroli, hupitisha ujazo uleule bila kujali ni petroli au ni oili, kwa hiyo oili ikichukua nafasi kubwa zaidi, petroli inayofika kwenye silinda huwa ndogo na hewa inabaki ileile. Mwenye mashine anaweza kuongeza oili kwa nia ya kuilinda, naye akawa ameupunguza uwezo wake wa kuwaka vizuri. Hata hivyo, tukilazimishwa kuchagua kati ya makosa mawili, tutachagua kuzidisha. Plagi chafu husafishwa, lakini silinda iliyokwaruzwa hutoboa mfuko.

Oili iwe ile iliyotengenezwa kwa mashine za boti, yenye alama ya TC-W3 kwenye chupa. Oili ya pikipiki na ya msumeno wa kukatia miti imetungwa kwa injini zinazopozwa kwa hewa na zinazofanya kazi kwa joto la juu, na baadhi yake huacha majivu katika mashine inayopozwa kwa maji ya bahari. Oili ya gari haifai kabisa. Ni kweli kwamba vitabu vya mashine za zamani vilitaja oili ya injini ya namba 30, lakini hiyo ilikuwa kabla ya TC-W3 kupatikana. Tumia TC-W3 kwa kipimo kilekile cha zamani.

Baada ya oili tuitazame petroli yenyewe. Tatizo la kuchanganya mafuta ya taa katika petroli linajulikana na Serikali pia, na mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa nia ya kuwakatisha tamaa wanaofanya hivyo. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa huwaka kwa shida mashine ikiwa baridi, huigonga pistoni mashine ikibeba mzigo, na huacha masizi mengi. Kabla ya kutia oili, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe uliache likauke. Petroli safi huondoka karibu yote, ilhali yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta na harufu. Kisha jaza chupa ya kioo uiache itulie. Kama kuna maji, utayaona yamejitenga chini. Petroli iliyokaa katika tangi lililojaa nusu kwa msimu mzima wa kusi nayo haifai tena, kwa kuwa sehemu zake nyepesi zimeshatoweka kwa joto letu, na kilichobaki hugeuka utomvu wa rangi ya asali unaoziba jeti. Mashine nyingi tunazopokea zina utomvu huo na hazina ugonjwa mwingine.

Aidha, tumeulizwa mara kadhaa kama petroli isiyo na risasi (madini ya ledi), ambayo ndiyo pekee iliyobaki madukani tangu risasi ilipoondolewa, inaziua mashine za zamani. Risasi ilisaidia kulinda viti vya vali katika injini za mipigo minne. Mashine ya boti ya mipigo miwili haina vali za namna hiyo, kwa hiyo mwenye Johnson au Seagull asikoseshwe usingizi na jambo hilo.

Ikiwa mchanganyiko ni sahihi, petroli ni safi, plagi ni mpya na mashine bado inasumbua, hapo ndipo tunapoifungua kabureta. Tunaisafisha kwanza, tunapuliza kila tundu kwa hewa na wala hatuchokoi jeti kwa waya, kwa sababu tundu lililopanuliwa halirudi. Katika Johnson na Evinrude za zamani tunaliangalia boya, lile linaloelea ndani ya kabureta na kuzuia petroli ikishajaa, kwani mengi yalikuwa ya kizibo kilichopakwa vanishi. Vanishi ikibanduka, kizibo hunyonya petroli, boya huzama, na kabureta hufurika hata ukizungusha sindano mchana kutwa.

Urekebishaji wenyewe unahitaji subira zaidi ya nguvu. Sindano hukazwa polepole mpaka iguse tu, kwa kuwa ikikandamizwa ncha yake huingia alama na haitapima tena sawasawa. Kisha hulegezwa kiasi cha mzunguko mmoja na nusu, ambao ni mwanzo tu wa kazi. Mashine hupashwa moto ndani ya maji, huingizwa gia, na hapo sindano ya mwendo wa chini huzungushwa kidogo kidogo, kila mara tukisubiri sekunde 10 hadi 15 ili mashine iitikie. Ikipiga chafya kupitia kabureta, petroli ni chache. Ikiguruma kwa kusitasita na kutoa moshi mzito, petroli ni nyingi. Tukishapata mahali inapotulia vizuri, tunailegeza kidogo kuelekea upande wa petroli nyingi, na hapo ndipo tunapoiacha. Anayejaribu nyumbani ajue kwamba katika kabureta nyingine skrubu ya mwendo wa chini hupima hewa badala ya petroli, na kuikaza huongeza uzito wa mchanganyiko badala ya kuupunguza. Seagull haina skrubu hiyo kabisa, na anayeitafuta huishia kufungua kisichopaswa kufunguliwa.

Hukumu ya mwisho hutolewa na plagi baada ya safari yenye mzigo wa kweli. Rangi ya kahawia kama ya kahawa yenye maziwa inaridhisha. Nyeusi na mbichi inadai petroli au oili ipunguzwe, nasi huanza kwa kukagua mtungi. Nyeupe ni onyo, na mashine yenye plagi nyeupe hatumrudishii mwenyewe hata kama ana haraka, kwa sababu tunajua itakapomwachia: katikati ya mkondo wa Mkanda maji yakiwa yanakupwa, na abiria ndani.

Kwa hiyo unapoileta mashine, tafadhali usilimwage tangi. Tuletee mashine, tangi lake pamoja na petroli iliyomo, mpira wa petroli, propela unayoitumia na chupa ya oili. Ukiweza, njoo na boti yenyewe maji yakiwa yamejaa, kwa sababu pipa la maji hutuonyesha kama mashine inawaka, lakini bahari peke yake ndiyo inayotuonyesha kama inaweza kubeba. Tukimaliza tunaandika kipimo chako kwa rangi juu ya mtungi, namba kubwa inayosomeka usiku kwa tochi, ili hata kijana utakayemtuma ajue ni mililita ngapi.