Tuambiwe fedha za kaunti zimefika tarehe ngapi

Mhariri,

Kila mwaka maseneta na wabunge huvutana kuhusu mgao wa kaunti, nanyi mnatuandikia mvutano huo hadi mwafaka upatikane. Mgao wa mwaka wa fedha wa 2024/25 ulipangwa kuwa Sh400.1 bilioni. Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, ukatupwa baada ya vijana kujaa barabarani Juni 2024, na hatimaye mgao ukashushwa hadi Sh387.4 bilioni. Wa 2025/26 ukawa Sh415 bilioni. Mabilioni tunayajua. Tarehe za kufika kwake ndizo hatuambiwi.

Kabla ya ugatuzi kutuletea kaunti, nilikuwa karani wa hesabu katika baraza la mji. Siku hizo tulitegemea LATF, mfuko uliobuniwa kwa sheria ya 1998 ili asilimia tano ya kodi ya mapato igawiwe mabaraza. Haukuwa mfuko wa malaika. Madiwani wetu walijua kuula. Lakini ulikuwa na makali. Baraza likichelewa kuwasilisha bajeti, orodha ya madeni na mpango wa miradi uliotokana na mikutano ya wananchi, lilikatwa sehemu ya mgao wake. Basi mwezi wa makaratasi hayo hakuna aliyeomba likizo, na mweka hazina mwenyewe alikesha nasi akisaka risiti.

Katiba ya 2010 ikaja na mpango mkubwa zaidi. Kaunti 47 zinapata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa vitabu vya mwisho vilivyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Kifungu cha 219 kinasema mgao utumwe bila kukawizwa pasipo sababu na bila kukatwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ikaongeza kwamba kuwe na ratiba ya kutuma fedha hizo, iidhinishwe na Seneti. Kaunti ikivunja sheria vibaya, Hazina ya Kitaifa inaweza kuizuilia hadi nusu ya fedha zake kwa muda usiozidi siku 60, na lazima Bunge liidhinishe. Sasa nionyesheni mahali ambapo Hazina hukatwa chochote ikichelewa yenyewe. Karani wa mji mdogo aliadhibiwa kwa kuchelewesha karatasi, ila anayechelewesha mabilioni anaitwa mbele ya kamati, anasema makusanyo ya kodi yalikuwa hafifu, anarudi ofisini.

Wala siwatetei magavana. Fedha hupita milango miwili, na wasomaji wengi wanaujua mmoja tu. Kwanza hutoka mfuko mkuu wa serikali hadi Hazina ya Mapato ya Kaunti, akaunti iliyo Benki Kuu. Humo haziguswi. Kaunti lazima iandike ombi, Mdhibiti wa Bajeti alikague na kulikubali, ndipo zihamie akaunti za matumizi na kumfikia mtu aliyefanya kazi. Kwa hiyo gavana anaweza kulalamika kwenye televisheni kwamba Hazina ya Kitaifa imemnyima, ilhali fedha za mwezi jana zimelala Benki Kuu kwa sababu ofisi yake haijamaliza kuandika ombi. Na Hazina nayo inaweza kusema imetuma kila kitu, kumbe imetuma jana jioni.

Mkaza mwanangu ananaswa hapo katikati. Anapeleka maziwa na mkate katika kituo kimoja cha afya cha umma upande wetu wa Eastlands. LPO, yaani hati ya kuagizwa bidhaa, anayo, na daftari la kupokelea bidhaa limetiwa sahihi kila asubuhi. Akiuliza malipo, dirisha la kwanza humwambia pesa za Hazina hazijafika. Dirisha la pili, hatua chache tu kutoka hapo, humwambia zilifika ila faili yake iko kwa mkubwa. Mwenye ng'ombe wa Githunguri hangoji mkubwa. Maziwa hununuliwa kwa mkopo wa chama, na riba ya chama haijui mwaka wa fedha.

Ubaya wenyewe huja Juni. Mgao ukitua siku za mwisho za mwezi huo, ofisi zote hukimbilia IFMIS, mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali, kabla haujafungwa tarehe 30. Wanaomjua mtu ndani hulipwa usiku. Kisicholipwa hubaki kwenye akaunti ya Benki Kuu lakini idhini ya kukitumia imekwisha, na hakiwezi kuguswa mpaka kiingizwe kwenye bajeti nyingine. Muuza maziwa anageuka kuwa "malimbikizo ya madeni", na kamati ya kuyahakiki inaundwa.

Ombi langu ni dogo. Gazeti Rasmi la Serikali huchapisha taarifa ya mapato na fedha zilizotolewa, kila kaunti na kiasi chake, lakini ni jumla ya hadi mwisho wa mwezi. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti hutoka baada ya robo mwaka. Ninyi mna waandishi katika kila kaunti. Chapeni jedwali moja kila mwezi lenye safu tatu: tarehe ambayo ratiba ya Seneti ilisema, tarehe ambayo fedha ziliingia akaunti ya kaunti Benki Kuu, na tarehe ambayo kaunti ilipata idhini ya kuzitoa. Anzeni na Nairobi, ambako mna ofisi na City Hall, makao ya kaunti, ni mwendo wa miguu. Nafasi ikikosekana, punguzeni ukurasa mmoja wa Ligi Kuu ya Uingereza, Arsenal watavumilia.

Karani mstaafu,
Umoja, Nairobi