Shoga yangu, Wete tuipe rangi gani?

Wete, Pemba

Shoga yangu Rukia,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua lakini bado anatutuma mchana kutwa. Natumai na nyinyi huko Mamoudzou, kisiwani Maore (Mayotte), ni wazima, na lile paa lililochukuliwa na kimbunga cha Chido limeshaezekwa lote. Bi Mwanaidi kashaozesha, na harusi ilikuwa na mambo, ila nikianza nayo sitafika kwenye lililonikalisha kuandika. Nitakusimulia siku nyingine.

Nataka unishonee bendera.

Mwaka huu nimepewa kusomesha uraia kidato cha kwanza. Tulimaliza mikoa 5 na wilaya 11, tukafika kwenye bendera ya Zanzibar, nikawapa waichore na kuipaka rangi: buluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na pembeni juu, upande wa mlingoti, bendera ya Jamhuri ya Muungano. Pembe ile ndiyo inayowatoa jasho. Kwenye nafasi ya vidole viwili inabidi warudie rangi zilezile, safari hii kwa mshazari, na mistari miwili ya manjano isiyotaka kunyooka. Mmoja akamaliza mapema, akanyanyua mkono: "Mwalimu, na Wete bendera yake ipi?"

Nikamwambia Wete haina, wilaya zetu hazina bendera. Akasema ami zake wako Kilifi, na kule kaunti ina bendera yake. Kweli, Kenya kaunti zote 47 kila moja ina yake. Darasa zima likanigeukia, Rukia, wanangoja niseme kwa nini wao wanayo na sisi hatuna.

Swali lile halijaniachia mpaka leo. Hebu fikiri, mtu wa kawaida hapa ana nini cha kukiita chake katika huu mgawanyo wa nchi? Sheha wake, kiongozi wa mtaa, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Mipaka inachorwa juu. Wilaya ya Magharibi ilikuwa moja, leo ni Magharibi A na Magharibi B. Na hayo majina! Kaskazini A, Kaskazini B. Mtoto wa Nungwi atajisifia vipi kwa herufi? Sisi Pemba angalau wilaya zetu nne, Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, zimebaki na majina ambayo mtu anaweza kuyatia katika shairi. Lakini jina tu, basi. Hapana alama.

Na asije mtu akaniambia kuwa mji kuwa na alama yake ni mambo ya kuiga. Miji ya pwani ilikuwa na siwa, yale mapembe makubwa ya kupulizwa. Pate walikuwa na yao, Lamu walikuwa na yao, na Mwinyi Mkuu, mtawala wa zamani wa Unguja, yule wa Dunga, alikuwa na siwa na ngoma zake. Siwa ikipigwa kila mtu anajua ni mji gani unaosema. Sisi tumeacha kupuliza siwa, na mahali pake hatukuweka kitu.

Basi nikawapa kazi: kila mmoja abuni bendera ya mji wa Wete, na itakayopendwa ishonwe kitambaa, itundikwe siku ya wazazi. Na baadaye, Mungu akipenda, tuipeleke Baraza la Mji wakaitazame. Watoto wamefurahi hadi wengine wakaja na michoro mitatu mitatu.

Tatizo likaanza nilipoitandaza michoro kwenye chumba cha walimu. Mmoja kachora bendera nyekundu kwa sababu anapenda nyekundu tu. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mzima, akaishika, akaitazama, akaigeuza chini juu na kuiweka pembeni bila kusema neno. Nyekundu ilikuwa ya Sultani. Wa pili kachora karafuu mbili za manjano ndani ya duara la kijani, maskini hata hajui kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa katikati ya bendera ya uhuru wa Disemba 1963, ile iliyopepea mwezi mmoja tu mpaka Mapinduzi. Buluu, nyeusi na kijani ndizo za ASP, kile chama cha Afro-Shirazi, na ndizo za Zanzibar yenyewe. Kijani na manjano utaambiwa CCM. Zambarau utaambiwa chama cha ACT-Wazalendo. Mtoto ana kalamu za rangi sanduku zima, na kila anayoitoa ina mwenyewe!

Siwalaumu wazee. Yule mwalimu ni wa familia iliyoumia, na upande wa pili wako walioumia pia. Zanzibar yenyewe tangu Muungano wa 1964 ilikaa zaidi ya miaka 40 ndipo ikapata tena bendera yake, Januari 2005, wakati wa Rais Amani Karume. Wewe unakumbuka tulivyokwenda kuitazama na Salma na marehemu kaka yake. Watu walilia siku ile, na hawakuwa wa chama kimoja. Mimi nataka kitu kama kile kwa mji huu, kitambaa ambacho mtu akikiona hajiulizi kwanza ni cha akina nani.

Nimewaza sana, na nimefika kwenye hudhurungi. Nasema hudhurungi ya karafuu kavu. Hakuna chama chenye rangi hiyo, hakuna sultani wala mkoloni aliyeitumia. Na hapa hakuna nyumba isiyoijua. Karafuu mbichi kwenye jamvi zina kijani na wekundu, zikishika jua siku ya kwanza zinakuwa kama zilizochafuka, halafu zinageuka. Ukiishika iliyokauka vizuri, mguu ni wa giza na kichwa chake ni hafifu kidogo. Ile rangi ya mguu ndiyo niitakayo. Karafuu unazo jikoni, chukua moja uende nayo dukani, uiweke juu ya kitambaa. Hapa nimezunguka maduka yote, nimepata kahawia ya sare za skuli tu, na hiyo siitaki.

Katikati nataka duara jeupe, na si mwezi. Ni sarafu ya Mtambwe Mkuu. Unapakumbuka, ng'ambo ya hori, tulikokuwa tukitazama ngarawa zinarudi. Mwaka 1984 wachimbuaji walikuta pale hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi ni za fedha, ndogo sana, zimepigwa kwa majina ya watawala wa pwani hii hii, karibu miaka elfu iliyopita. Wanafunzi wangu wanaiona Mtambwe kila siku na walikuwa hawajui! Nilipowaambia, yule wa ami zake Kilifi ndiye aliyesema tuiweke kwenye bendera. Kwa hiyo wazo si langu, rangi tu ndiyo yangu.

Na wewe unaishi mahali ambapo bendera ni jambo kubwa, kwa hiyo nakuuliza. Bendera ya Komoro ina nyota nne na mistari minne, na mweupe ni wa Maore, lakini inayopepea kwenu ni ya Ufaransa. Watu wa hapo mtaani wanasemaje wakiuona ule mstari mweupe? Zile komuni zenu 17, kila moja ina alama yake au mnaitumia ile ya kisiwa, yenye farasi wa baharini wawili? Meya anapofungisha ndoa na ule mshipi wake wa rangi tatu, watu wanamwona ni wao kweli, maana angalau mumewapigia kura madiwani waliomchagua? Na tukirudi kwenye kazi: duara nilishone juu ya kitambaa au nikate tundu na kutia jeupe kwa ndani, ili lionekane pande zote mbili? Pindo la mlingoti uliache upana gani? Melimeli itapepea au itajikunja? Utaweza kuimaliza kabla ya shemeji yake Salma hajarudi huku, aje nayo? Na gharama, usinifiche, ni kiasi gani?

Mama anakusalimu, na anauliza lini unakuja.

Shoga yako,
Asha