Manka, andika kwanza

Kibosho, Jumapili jioni

Manka mwanangu,

Simu ilikatika, au uliikata wewe, mimi sijui. Nilikuwa bado sijamaliza. Barua hii nimeiweka ndani ya boksi, juu ya ndizi, uione kabla hujaanza kuwagawia wenzako wa hapo Arusha. Kwenye simu kila nikifungua mdomo unasema "najua mama, najua". Humu utasoma mpaka mwisho.

Safari ya Mbinga, kwa hiyo kazi yako ya kuonja kahawa na kuipa alama, nimeikubali. Baba yako naye amekubali, ila kwa namna yake: hasemi kitu, lakini kila konda anayepita hapa anamuuliza nauli ya kwenda Songea. Umbali haunisumbui. Watu wanaenda kule na wanarudi. Linaloninyima usingizi ni lile ulilolisema ukicheka, kwamba siku ya usaili yule bwana mkubwa alifyonza kijiko cha kwanza akakunja uso, na wewe ukajua palepale kwamba kikombe kile kina kasoro. Ukacheka sana. Mimi sikucheka. Ulijua kwa ulimi, au ulijua kwa macho?

Usinijibu haraka. Fikiri kwanza.

Siyo kwamba nina shaka na wewe. Mtihani wenu wa vikombe nimeuelewa kuliko unavyodhani. Vikombe vitatu mezani, viwili kahawa ileile, kimoja kahawa nyingine, taa nyekundu ili rangi isikusaidie, nawe uonyeshe kilicho tofauti. Asiyejua chochote akibahatisha atapata mara moja katika tatu, kwa hiyo seti moja haisemi kitu. Ila wewe ulipata seti zote sita. Nilimwambia mdogo wako apige hesabu, akazidisha tatu kwa tatu mpaka zikatimia sita, jibu likawa 729. Yaani wakusanyike wabahatishaji 729, wa kuzipata zote sita utegemee mmoja. Hesabu hiyo nimeitangaza jumuiya nzima, mpaka mama mwenyekiti akaniomba tuanze sala.

Mtihani wa namna ile naupenda kwa sababu haukuulizi wewe ni mtoto wa nani. Haujali Kiingereza chako wala koti lako. Lakini pale ulikuwa peke yako na vikombe vyako. Mbinga mtakuwa watu wanne au watano mnaizunguka meza moja, na mmoja wao ndiye atakayesaini mshahara wako.

Mdogo wako alinisomea kwenye simu yake habari ya farasi mmoja wa Ujerumani aliyeitwa Hans. Mwenye farasi alikuwa mwalimu mstaafu, von Osten, na alimfundisha hesabu. Ukimuuliza tatu na nne anagonga kwato mara saba, anasimama. Watu wakajaa Berlin kumtazama. Mwaka 1904 ikaundwa kamati ya watu 13, wakamkagua, wakasema hapana hila hapa. Wala hila haikuwepo, mzee wa watu alikuwa mkweli. Ndipo akaja kijana mmoja, Pfungst, akabadilisha jambo dogo tu: akawaleta waulizaji wasiojua jibu, na mara nyingine akamzuia farasi asimwone anayeuliza. Hesabu zikamwishia palepale. Kumbe farasi alikuwa anaendelea kugonga huku akimsoma mtu mwili. Hesabu ikifika, muulizaji analegea kidogo bila mwenyewe kujua, na farasi anaacha. Kwa kusoma watu alikuwa hodari kweli. Hesabu ndiyo hakuwa anaijua.

Sasa wewe tangu mtoto unajua kusoma nyuso. Ulikuwa ukijua baba yako amekunywa kabla hajafika mgombani. Hicho ni kipaji, siwezi kukulaumu nacho, na nani alikufundisha kunitazama mimi kwanza kabla ya kujibu tuache. Lakini mezani pa kahawa kipaji hicho ndicho kitakachokuharibia kazi. Unasema wenyewe mna sheria kwamba hakuna kusema mpaka kila mtu ameandika alama zake. Sheria nzuri. Ila pua ikikunjwa imeshasema. Mtu akitema haraka kwenye kopo ameshasema. Akirudi kwenye kikombe kilekile mara ya pili, amesema kwa sauti kubwa. Kwa hiyo andika kwanza. Tazama kijiko chako, tazama karatasi yako, na ukishaandika ndipo umtazame unayetaka kumtazama.

Halafu usifute. Ukikuta wao wameandika 83 na wewe 78, acha 78 yako pale. Ulinieleza mwenyewe kwamba kahawa ikifika alama 80 katika 100 inaingia daraja maalumu na mnunuzi anaongeza bei. Hapo katikati ya 79 na 80 kuna ada ya shule ya mtoto wa mtu. Basi alama iwe yako, ya juu au ya chini, isiwe ya huruma na isiwe ya woga.

Nakwambia hivi kwa sababu nimeyaona ya kujua na kutojua hapa nyumbani, ingawa kozi sikusoma. Kahawa ya nyumba hii imeandikwa kwa jina la baba yako kwenye kitabu cha chama. Ndizi zangu, kahawa yake, ndivyo tulivyozikuta. Lakini nani alikuwa anaikoboa jioni na kuamka usiku kwenda kuipapasa kwenye pipa? Unakumbuka, sina haja ya kukueleza. Ninachotaka kukueleza ni siku aliyokuja bwana shamba mmoja akauliza mnajuaje kahawa imeshalala vya kutosha kwenye pipa, iko tayari kuoshwa. Aliuliza akimtazama baba yako. Baba yako akasema saa thelathini na sita, kavu, bila kupepesa. Bwana shamba akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na mikono imeloa hadi kiwiko.

Saa thelathini na sita! Usiku wa Julai, baridi ya hapa kwetu, saa hizo zinapita na punje bado zinateleza. Likiwaka jua siku mbili mfululizo, ukingoja saa hizo utakuta imeshaanza kunuka. Anayejua ni mkono. Unachukua konzi, unasugua kwenye kiganja: ikiteleza, bado ina ute, ikikwaruza kama kokoto za mtoni, iko tayari, amka mwite mtu alete maji. Mama mkwe wangu alikuwa anachomeka kijiti katikati ya pipa na kukichomoa. Tundu likibaki wazi anasema oshenyi, likijifunika anarudi kulala. Hakuwahi kuulizwa na bwana shamba yeyote.

Ila nisijisifu mno. Angeniuliza mimi siku ile, ningejibu nini? Ningesema "inajulikana tu". Na "inajulikana tu" haiandikiki kwenye daftari. Baba yako alikuwa na neno, mimi nilikuwa na mkono, na mtu anayepita njiani huondoka na neno. Hicho ndicho nilichotaka upate kwenye hizo kozi, ingawa baba yako aliposema kozi ya kunywa kahawa ni kozi gani, mimi sikumjibu kitu. Leo una vyote viwili. Ninachoogopa ni maneno yatangulie. Krismasi ulituketisha hapa ukatusemea ndimu, maua, karameli, na sisi tuliolima kahawa hiyo tukakusikiliza huku tunakunywa chai. Ilipendeza. Lakini ulisema ndimu kabla haijapoa, na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kasoro hujitokeza kahawa ikishapoa. Mnangoja dakika nne, mnavunja lile povu la juu kwa kijiko, mnaengua, mnaonja ya moto, mnaonja ya vuguvugu, mnaonja ya baridi. Basi ngoja ya baridi. Na vile vikombe vitano vya sampuli moja, onja vyote vitano hata kama cha kwanza kimekufurahisha; punje moja iliyooza inaingia kikombe kimoja tu, na wavivu wanaikosa.

Na usidanganywe na ukubwa wa punje. Watu wa huku bado wakisikia AA wanadhani ndiyo tamu. AA ni tundu la chekeche tu, punje imekuwa nene, basi. Imepimwa kwa bati. Yapo magunia ya AA yasiyonyweka, nawe ulishaniambia.

Watakwambia urudie. Hilo nalo ujiandae. Ukiwa peke yako na jibu lako, watasema onja tena, pengine ulimi umechoka. Onja tena, ni haki yao kukuambia. Lakini yule Erasto Mpemba mliyemsoma shuleni, aliyekuja kusoma hapo Mweka juu yetu, si aliambiwa na mwalimu pale shule ya Magamba kwamba amechanganya mambo, aliposema mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya ule wa baridi? Baadaye, shule ya Mkwawa, mwalimu mwingine akaiita fizikia ya Mpemba. Alipokuja kumuuliza Dokta Osborne wa Chuo Kikuu, wanafunzi wenzake wakamcheka, lakini Osborne akaenda kupima. Na mdogo wako anasema fundi wa maabara alileta majibu kwamba ya moto imetangulia kweli, akaongeza kwamba watarudia mpaka wapate jibu sahihi! Nilicheka mpaka nikakohoa. Yalitoka kwenye jarida mwaka 1969, na wasomi wangali wanabishana. Sisemi Mpemba alijua kila kitu. Nasema alisema alichokiona, hakusema alichoona usoni kwa mwalimu.

Jambo jingine, wewe una mdomo. Ulimsahihisha baba yako mbele ya wageni juu ya kiwango cha unyevu, na ulikuwa sahihi, na haikupendeza. Ukifika Mbinga usianze kuwafundisha Wamatengo kulima. Wale wana ngoro zao, yale mashimo ya kwenye miteremko, wamezirithi kwa babu zao na udongo wao haujaenda na maji. Akija mama na sampuli yake imenuka, mwambie imenuka, ndiyo kazi yako, lakini muulize mwenyewe aliivuna lini, aliikoboa siku gani, alipata maji au hakupata. Muulize yeye. Usimuulize mume aliyesimama pembeni. Na kama hujui, sema "sijui, ngoja nionje tena". Tangu uanze kazi za mjini sijakusikia ukitamka "sijui" hata siku moja, na hilo linanitia hofu kuliko basi la usiku.

Haya. Kule ni baridi, sweta la bluu nimelitia chini ya boksi. Manukato yako yaache Arusha, uliniambia wenyewe hamruhusiwi kujipaka siku ya kuonja, na pilipili nayo uipunguze. Unga wa ulezi umo kwenye mfuko wa karatasi, usiuache kwenye unyevu. Ndizi zile fupi ni mchare, za kupika. Zile nyingine zimeanza kuiva, kula njiani. Mayai sikuweka, dereva wa kosta aliponiona nayo alikunja sura.

Ng'ombe amezaa dume, bahati yetu ndiyo hiyo. Zamu yetu ya mfereji imesogezwa hadi usiku wa Ijumaa na jirani anaichepusha kabla ya alfajiri, baba yako anasema atamsema, hajamsema. Kikohozi chake kipo palepale, na dawa anayoijua ni tangawizi. Mpigie wewe, umwambie aende akapimwe. Akiambiwa na mimi anaona ni kelele.

Na hili la parachichi. Anataka kung'oa mibuni ya kule chini kwenye korongo, apande miche ya parachichi, kwa sababu shemeji yake amepata hela. Simpingi. Mibuni ile imezeeka na bei ya kahawa unaijua. Ila nilimuuliza kama kuna aliyeonja kahawa ya korongoni peke yake, isiyochanganywa na ya juu, akanitazama tu. Kwa hiyo nimekufungia kilo mbili za kahawa ya korongoni, na maganda yake, kwenye mfuko mweusi, zimekaushwa vizuri, nimeziuma kwa jino. Nyingine mbili, mfuko mweupe, ni za huku juu. Hapo Arusha mpe mwenzako akuchanganyie vikombe usijue kipi ni kipi, halafu unitumie alama kabla hujapanda basi. Fundi wa miche anakuja Alhamisi na atataka malipo ya mwanzo.

Ile elfu hamsini uliyotuma nimenunulia pumba na chumvi ya ng'ombe. Usimwambie baba yako, anadhani nimeiweka kwa ajili ya miche.

Mama yako