Shangazi, nataka kujua nani alifunga lile geti

Shangazi habari yako, nisamehe barua ni ndefu, hii kitu sijawahi kuiandika mahali.

Tulikuwa tunaishi Naivasha, ploti ya mabati, baba akifanya kazi kwa shamba la maua. Jumapili tarehe 27 Januari 2008, wakati wa ile vita ya baada ya uchaguzi, vijana wakaja na panga wakitafuta watu wa kabila letu nyumba kwa nyumba. Nilikuwa na miaka 13. Nilikatwa mkono wa kushoto, na kaka yangu mkubwa hatukutoka naye. Tukalala polisi stesheni pamoja na watu wengi sana halafu tukapanda basi hadi Siaya kwa nyanya.

Waliotukata sikuwajua, hao niliwaacha. Shida yangu ni geti. Geti la ploti lilikuwa linafungwa usiku tu, lakini siku hiyo tulipolikimbilia mchana tukakuta kufuli imetiwa kwa nje, na ufunguo alikuwa nao kijana wa mzee aliyetunza ploti, kijana aliyekula kwetu na kumfundisha kaka yangu baiskeli.

Sasa mwezi jana amenitumia meseji. "Ni mimi wa ploti, nimekutafuta sana, naomba tuonane nikwambie vile ilikuwa." Basi. Pole hakuna.

Bwanangu anasema nimbloku. Wamama wa kanisa wanasema nisamehe, sasa nisamehe nini na sijui alifanya nini? Baba alinyamaza halafu akasema nikienda nisimletee majibu. Yeye aliandikisha maneno yake kwa ile Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ripoti ikapewa rais Mei 2013 na hatujaitwa tena, na ile kesi ya mahakama ya kimataifa ya Hague iliyotaja Naivasha ikaondolewa Desemba 2014. Hata zile shilingi 10,000 za serikali za wakimbizi hatukuona, eti tulikuwa kwa jamaa si kambini. Kwa hivyo aliyebaki na jibu ni huyu peke yake.

Naogopa Shangazi. Akisema alifunga ili tuishe humo ndani nitalala aje, na akisema alifunga ndio wasituingilie, si nimemchukia bure miaka hii yote?

Ameniambia nichague mahali. Niende na mtu ama peke yangu, ama nimwambie aniandikie tu? Meseji bado sijaijibu.

Msomaji, Siaya