Shosti, usipande milima ya Usambara na njaa

Shosti wangu, mambo? Meseji yako niliisoma jana usiku nimebanwa kwenye daladala ya Mbagala nikashindwa kujibu, ngoja sasa nikuandikie vizuri. Eti siku 12 za kutembea na begi mgongoni utakula mlo mmoja tu ili gauni la sendofu likukae? Hapana jamani, hilo naomba uliache.

Mimi nilishalifanya, ile safari yetu ya Lushoto mpaka Mtae. Siku tatu za mwanzo najiona mwepesi, nafurahi, kumbe yanayotoka mwanzo mengi ni maji, maana mwili ukimaliza ile akiba ya sukari kwenye misuli na maji yake yanaondoka nayo. Siku ya nne tumeshaipita Rangwi, tunapandisha, mikono ikaanza kutetemeka hadi nikashindwa kufungua kizibo cha chupa, nikakaa kwenye jiwe jasho la baridi linanitoka. Mama mmoja anatoka zake shamba akanipa viazi viwili vya kuchemsha na chumvi kidogo kwenye jani la mgomba, nikala na maganda yake, nusu saa haijaisha miguu ikarudi. Yule mama namuombea mpaka leo. Dar nikafika nimepungua kilo nne, halafu wiki tatu nzima chipsi mayai mchana, chipsi mayai usiku, sishibi, zikarudi zote na ya tano juu.

Kwa hiyo kula, na ule mapema, kidogo kidogo kila saa, ukishasikia njaa mlimani umechelewa. Najua unaogopa uzito wa begi, ila gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini 4, ndo maana nusu kilo ya karanga inakupa kama kalori 2,800 wakati ya mchele haifiki 1,900 na bado utafute maji na kuni. Beba karanga, korosho, tende, kashata, na dagaa wa kukaanga wakupe protini, mwili usije ukaila misuli yako. Na viweke mfuko wa pembeni, vyangu vilikuwa chini kabisa ya nguo.

Kupungua utapungua tu hata ukila, ile milima si mchezo. Gauni mwambie fundi akupime wiki mbili baada ya kurudi. Jumamosi nipo Kariakoo, njoo na begi lako tununue karanga, tulipime palepale kwenye mizani ya muuza nafaka.